Kumsikiliza mtoto si kumtii

Hakuna kikao cha wazazi wa darasa la awali hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, kinachoisha bila mmoja kusimama na kusema yale yale: "Madam, mnatuharibia watoto. Mnawazoesha kuongeaongea, wakirudi nyumbani wanabishana na wakubwa." Safari hii aliyesema alipigiwa makofi, na wengine wakamalizia kwamba haki za mtoto ni mambo ya Wazungu. Nimechoka kulijibu hili kwa dakika mbili huku watu wanawahi shambani, kwa hiyo nalijibu hapa.

Hilo la Wazungu nilimalize haraka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitungwa na Bunge letu wenyewe la Tanzania. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa. Waliotunga hawakuona ugomvi kati ya hayo mawili, na mimi darasani sijauona.

Mtoto akisema hataki sweta asubuhi ya Julai, atalivaa. Baridi ya Rungwe haina mjadala. Lakini nitamuuliza kwa nini hataki, maana huenda shingo ya sweta inambana, au ana jipu kwapani ambalo hakuna mtu mzima aliyeliangalia. Uamuzi unabaki kwangu. Ninachotaka kwake ni habari, na habari hiyo hakuna mwingine wa kunipa.

Wanaoniudhi kuliko wazazi ni walimu wenzangu wanaoamini kwamba tayari wanasikiliza kwa sababu darasa lao linaitikia. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" "Hii rangi gani?" "Nyekunduuu!" Hapo hajasikilizwa mtoto hata mmoja. Wachache wanajua, waliobaki wanadandia sauti za wenzao, na mwalimu anaandika kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa. Halafu mkaguzi anasifia darasa lililochangamka!

Tazama jambo hili. Mwalimu aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo aliwauliza watoto mvua inatoka wapi. Wengi wakapaza sauti: juuu, mawinguni. Binti mmoja akasema inatoka chini. Wenzake wakacheka, mwalimu akasema "hapana, nani amsaidie?", somo likaendelea. Baadaye, binti huyo akiwa anapanga vizibo kwenye kona ya hesabu, nilichuchumaa kando yake nikamwambia anieleze hiyo mvua ya chini. Akanieleza bila kuinua macho: inatokea kule Kyela, inaanza nyeupe, inafunika migomba ya bibi, inapanda kwenye chai, halafu bibi anapiga kelele mahindi yaingizwe ndani.

Mtoto huyo alikuwa ameeleza jiografia ya wilaya yetu. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, na ziwa hilo liko chini yetu kwa zaidi ya mita 1,000. Hewa yenye unyevu inatoka ziwani, inapandishwa na mteremko, inapoa, inakuwa ukungu na mawingu, na ndiyo maana Tukuyu tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wale waliojibu "mawinguni" walirudia wimbo. Yeye alikuwa ameangalia. Kumwambia "hapana" ni kumfundisha kwamba macho yake hayana kazi shuleni, na mtoto wa miaka mitano anaelewa funzo hilo mara moja.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu wanampa mtoto kujibu. Alikuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wanadakia. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na hata watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kujibu. Jaribu kesho. Sekunde tatu mbele ya watoto ni ndefu mno.

Ila sina uhakika kwamba sekunde tatu zinatosha huku kwetu. Mtoto aliyekulia kwenye Kinyakyusa anatafuta neno la Kiswahili huku ukimsubiri. Tena amefundishwa kwamba kukaa kimya mbele ya mkubwa ni adabu, na ni kweli ni adabu. Ukimkodolea macho, kusubiri kwako kunageuka kuwa adhabu. Ndiyo maana nauliza nikiwa kando, mikono yetu sote ikiwa na kazi. Na usirudie swali lile lile: mtoto akiulizwa mara ya pili hudhani jibu la kwanza halikukupendeza, analibadilisha, nawe unapata jibu lako mwenyewe kwa sauti yake.

Kuna pia suala la idadi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kila anayefundisha anajua tulivyo mbali nacho. Kwenye darasa lililojaa kupita kiwango hicho wapole wanapita bila kusikika, na sijaona mbinu inayomaliza tatizo hilo.

Kwa anayeogopa mtoto mbishi, naomba afikirie kitu kimoja kizito. Siku mtu mzima atakapomgusa mtoto wako pasipostahili, unategemea akuambie. Hataanza kukueleza hilo ikiwa kila alipokueleza habari ya mbuzi au ya rafiki yake uliishia kumwambia "hebu kacheze huko".

Kikao kijacho, kila mzazi aje na jambo moja ambalo mtoto wake amemweleza wiki hiyo na yeye hakulijua. "Yuko vizuri tu, madam" silipokei.