Douglass hakuachiwa huru na Lincoln, alitoroka

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Tulikuwa tumesimama mbele ya sanamu ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mwandishi na msemaji wa kupinga utumwa, katika Chuo Kikuu cha Maryland, pale College Park, mimi na wageni wanane waliokuja kwa harusi ya ndugu yao. Kijana mmoja akamwambia mama yake, bila wasiwasi wowote: "Huyu ndiye yule aliyeachiwa huru na Lincoln." Mama akaitikia kwa kichwa.

Nafundisha historia ya Marekani, na jamaa wakija huku upande wa Washington mimi ndiye huwatembeza. Kauli hiyo nimeisikia mpaka imenichosha. Inaniuma kwa sababu inamnyang'anya mtu jambo alilolifanya mwenyewe, roho mkononi.

Tazameni tarehe kwanza. Douglass aliondoka Baltimore, mji wa Maryland alikokuwa mtumwa, tarehe 3 Septemba 1838, akiwa na miaka 20. Lincoln wakati huo alikuwa mwanasheria wa miaka 29 na mbunge wa jimbo huko Illinois, mbali kabisa. Tangazo lake la kuwaachia watumwa, alilolitoa akiwa rais wa Marekani, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863. Kufikia siku hiyo Douglass alikuwa nje ya utumwa miaka 24, ameshaandika kitabu cha maisha yake mwaka 1845 na ameshaanzisha gazeti lake Rochester mwaka 1847.

Alitokaje? Alivaa shati jekundu na kofia ya kibaharia, akafunga tai nyeusi shingoni kwa ulegevu kama wafanyavyo mabaharia. Mfukoni alikuwa na karatasi za kuazima za baharia mwungwana, yaani mtu huru asiye mtumwa, na maelezo ya umbo yaliyoandikwa mle hayakufanana naye. Dirishani kwa tiketi hakwenda, maana pale wangemkagua. Alirukia treni ikiwa imeanza kuondoka. Kondakta alipomfikia na kumwuliza hati ya uhuru, akajibu kwamba hati hiyo haendi nayo baharini, ila anayo karatasi yenye picha ya ndege tai, nembo ya Marekani. Kondakta akaitupia jicho, akachukua nauli, akapita. Angeisoma vizuri, habari ingeishia hapo. Baada ya hapo ilikuwa kivuko, treni nyingine, meli ya kwenda Philadelphia, treni tena, na kabla ya saa 24 kwisha alikuwa New York.

Fedha za safari zilitoka kwa mchumba wake, Anna Murray, mwanamke mwungwana aliyefanya kazi za nyumbani Baltimore. Siku 12 baadaye walifunga ndoa New York. Kila ninapopeleka wageni pale kwenye sanamu nalitaja jina la Anna kwa sauti, na naomba wenzangu mnaotembeza watu mfanye hivyo hivyo.

Kiswahili kina neno la mtu kama huyu: mtoro. Siku hizi tumeliachia wanafunzi wanaokwepa shule, lakini pwani yetu mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro wa Fuladoyo, huko Kilifi, walijijengea makazi yao na kuyalinda. Hakuna anayesema watu wale waliachiwa. Basi Douglass naye tumwite kwa jina lake.

Hapo huwa anatokea mjuaji: "Lakini Mwalimu, si alinunuliwa na Wazungu wa Uingereza?" Ni kweli, ila sikilizeni ilivyokuwa. Kitabu chake kilipotoka kilitaja majina na mahali, na kwa sheria ya Marekani bado alikuwa mali ya mtu, aweza kukamatwa popote. Akavuka bahari mwaka huo huo wa 1845, akahutubia Ireland, Scotland na Uingereza. Marafiki zake wa huko wakachanga pauni 150, na mwishoni mwa 1846 bwana wake, Hugh Auld, akatia saini. Kilicholipwa kilikuwa fidia, kama anavyolipwa mtekaji. Mtu mwenyewe alikuwa ameshajitoa miaka minane nyuma.

Na lipo jambo linalowashangaza hata Wamarekani. Tangazo la 1863 halikumfungulia mtumwa hata mmoja wa Maryland, kwa kuwa liliyahusu tu majimbo yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Maryland haikuasi. Watumwa wa Maryland walipata uhuru tarehe 1 Novemba 1864, kwa katiba mpya ya jimbo lenyewe. Lincoln na Douglass walikutana, naam, Agosti 1863, lakini Douglass hakwenda Ikulu kushukuru. Alikwenda kudai askari weusi walipwe sawa na wenzao. Wanawe wawili walikuwa jeshini.

Kauli nyingine ninazozisikia mbele ya sanamu hiyo nizipitie haraka.

"Mbona hana minyororo?" Swali hili hutoka kwa waliofika Mkunazini, Unguja, wakaona zile sanamu za watumwa shimoni na mnyororo shingoni. Kumbukumbu ile ni ya soko la watumwa, nayo iko mahali pake. Hii ya College Park, kazi ya Andrew Edwards iliyozinduliwa Novemba 2015, ni ya shaba nyeusi, ina zaidi ya mita 2, na inamwonyesha msemaji katikati ya hotuba, mkono juu, koti limepeperuka. Douglass mwenyewe alikuwa na neno juu ya jambo hili. Mwaka 1876 alihutubia uzinduzi wa sanamu ya Lincoln huko Washington, iliyomwonyesha mtu mweusi amepiga magoti miguuni pake. Aliwaambia Wazungu kwamba wao ndio watoto wa Lincoln, na watu weusi ni watoto wa kambo tu. Siku chache baadaye akaandika gazetini kwamba kabla ya kufa angependa kuona sanamu ya mtu mweusi aliyesimama kwa miguu yake.

"Huyu si yeye, Douglass ni mzee mwenye mvi." Ni yeye, wa mwaka 1845, alipokuwa Ireland.

"Alisoma hapa." Hakuwahi kukaa darasani popote. Chuo kilifunguliwa 1859, mwanzilishi wake Charles Benedict Calvert akiwa na watumwa, na mwanafunzi wa kwanza mweusi wa shahada ya kwanza aliingia 1951.

"Alifundishwa kusoma na bibi mwema." Sophia Auld, mke wa Hugh, alimwonyesha herufi, mumewe akakataza, naye akaacha. Kilichobaki Douglass alikipata kwa watoto wa Kizungu wa mitaani, akiwalipa kwa vipande vya mkate.

Jumamosi ile nilipomaliza, yule mama aliyeitikia kwa kichwa alikaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Na yule baharia aliyemwazima karatasi, naye ilikuwaje?" Nikamwambia kwamba wangekamatwa wangeangamia wote wawili, na ndiyo maana kitabu cha 1845 hakisemi alitoroka vipi. Douglass alilifunga jambo hilo kifuani, akalieleza mwaka 1881, wakati hapakuwa tena na mtumwa Marekani wala mtu wa kuadhibiwa kwa kumsaidia.