Kutajwa wa tatu si kushushwa

Simu iliita saa 2 usiku. Ni msaidizi wa mheshimiwa mmoja, tulikuwa naye mchana kwenye mkutano wa maji kule Arumeru. "Kaka, leo umemshusha bosi. Wa tatu kweli?"

Kazi ya itifaki na ushereheshaji nimeifanya Arusha na Moshi kwa miaka 14, na simu za namna hii zimenichosha. Hii naijibu hapa.

Itifaki haipimi ukubwa wa mtu. Inapanga viti, na kiti hufuata kikao. Mkuu wa mkoa akitangulia kutajwa, inayotajwa ni Serikali Kuu anayoiwakilisha. Mbunge anayeshangiliwa uwanjani, akiingia baraza la madiwani ni mjumbe. Mwenye kikao ni meya au mwenyekiti wa halmashauri. Hajapungua chochote njiani. Nani akae kulia kwa mgeni rasmi, magari yapangwe vipi, hayo muulizeni ofisa itifaki wenu.

Kinachoniuma ni usikivu. Watu waliokaa juani hawana usikivu wa siku nzima. Nikiwatazama kutoka jukwaani, dakika 20 za kwanza macho yote yako mbele; baada ya hapo mmoja anachezea simu, mwingine anatafuta kivuli. Dakika hizo ndizo tunazozimaliza kwa utambulisho. Kisha kila aliyetambulishwa anaomba "kusalimia tu", na ndani ya salamu kuna hotuba. Siku ile mama mmoja alisimama na mwanawe mwenye meno ya kahawia. Watu wa huku tunaijua hiyo rangi: ni floraidi ya maji ya chini ya Mlima Meru. Akauliza maji ya bomba jipya yatatoka chanzo kipi, na kama yameshapimwa. Siku nzima hakuna aliyesema jambo la maana kuliko hilo. Nikamnyang'anya kipaza sauti kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anaondoka. Ni mkono wangu uliofanya hivyo. Na usiku niliyepigiwa simu kwa ajili yake ni bosi.

Mtaniambia nifupishe utambulisho. Nimeshajaribu. Nilisema "itifaki imezingatiwa", nikaingia kwenye ajenda. Wakubwa hawakupoteza kitu, maana majina yao yalikuwa kwenye bango. Aliyepoteza ni mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyepita nyumba kwa nyumba siku tatu kuwaita watu wale. Kutajwa kungekuwa ndiyo asante yake pekee. Alikuwa ameketi mstari wa pili, amevaa koti, ananitazama. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba kutaka kutajwa ni kujikweza. Kwa mmoja ni haki, kwa mwingine ni ulafi, na mpaka wake mimi bado sijauona vizuri.

Na tafadhali msinipe mfano wa Mwalimu Nyerere kwamba hakujali cheo. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuijenga TANU. Mimi naona hapo mtu anayejiamini sana, aliyejua kwamba watu watamsikiliza hata akikaa kwenye mkeka. Anayegombania kutajwa wa kwanza anaogopa kwamba bila kiti hasikiki. Yawezekana namwonea huruma zaidi ya inavyostahili, lakini ndivyo ninavyowaona nikiwa karibu nao.

Hata Azimio, lililopitishwa hapa hapa Arusha mwaka 1967, liliwakataza viongozi hisa, ukurugenzi wa makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Yote ni mambo ya kuhesabika. Kupenda kutazamwa hakumo, na naelewa: mkaguzi angekihesabu vipi?

Mkutano wa pili wa maji uko njiani. Nimeandika ratiba maswali ya wananchi yakitangulia salamu, na wenyeviti wa vitongoji wakitajwa kwa majina na kazi waliyofanya. Ofisi haijaipitisha. Mtendaji wa kata nimemwomba amtafute yule mama, aje na swali lake.