Kwa nini mchezaji hodari hukosa penalti anayoifunga kila siku mazoezini?

Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, akala kadi nyekundu, na Asamoah Gyan wa Ghana akapewa penalti mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza. Mpira ukagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, na kupaa. Muda mfupi baadaye mechi ikaingia kwenye matuta, yaani penalti za kupokezana za kumpata mshindi. Gyan huyohuyo akaenda wa kwanza kwa upande wa Ghana, akafunga. Ghana wakatolewa 4-2.

Mashabiki wa Simba waliotazama mechi ya Casablanca Aprili 2023, na wa Yanga waliotazama ile ya Pretoria Aprili 2024, wanayajua maumivu ya matuta. Na vijiweni maelezo ni yaleyale: fulani ana moyo mwepesi, ameingiwa na woga, angetulia angefunga.

Maelezo hayo yana kasoro kubwa. Mwenye moyo mwepesi hasimami tena mbele ya kipa akiwa ametoka kukosa. Halafu, moyo kwenda mbio si ugonjwa. Adrenalini, homoni inayouandaa mwili kwa hatari, ikimwagika, moyo husukuma damu kwa nguvu kwenda kwenye misuli, pumzi huongezeka, viganja hulowa jasho. Mwanariadha anayevunja rekodi ya mita 100 anakimbia na mwili wa namna hiyohiyo. Ndiyo maana kumpigia mchezaji kelele za "Tulia! Tulia!" mara nyingi hakumsaidii: unampa kazi ya pili, ya kupigana na mwili wake, wakati kazi ya kwanza bado inamsubiri.

Kinachoharibu zaidi ni mahali akili inapokwenda. Mama aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani hutembea mikono mitupu huku akipiga soga, na hakuna tone linalomwagika. Shingo na kiuno vinajisawazisha vyenyewe. Sasa mwambie kijiji kizima kinamtazama, na hayo ndiyo maji pekee yaliyobaki. Ataanza kuipima kila hatua. Shingo itakakamaa, ndoo itayumba. Ujuzi anao bado, ila kazi ameinyang'anya mwili unaoijua, akaikabidhi akili inayoifanya polepole, kipande kwa kipande.

Hilo limepimwa kwenye soka. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walichapisha jaribio ambalo wachezaji wazoefu walipitisha mpira katikati ya koni. Walipotakiwa kufuatilia ni upande gani wa mguu unaougusa mpira, walipungua kasi. Walipopewa maneno ya kusikiliza huku wakicheza, walifanya vizuri zaidi. Cha kushangaza, walipotumia mguu wao dhaifu, mambo yaligeuka: kuufikiria mguu kuliwasaidia, kama kunavyomsaidia anayejifunza.

Mnorway Geir Jordet, mtafiti wa saikolojia ya michezo, amechambua matuta ya mashindano makubwa kwa miaka mingi. Penalti ambayo ukifunga timu inashinda papo hapo ilifungwa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Ile ambayo ukikosa mnatolewa, takriban mara 6 kati ya 10. Umbali ni uleule, mita 11. Aligundua pia kwamba wanaoukimbilia mpira mara tu kipenga kinapolia hukosa zaidi. Hapa tahadhari inahitajika: huenda haraka ni dalili tu ya presha, wala si chanzo cha kukosa.

Kwa hiyo mpigaji afanye nini? Achague kona ya goli kabla hajatoka katikati ya uwanja, na asiibadilishe. Kipenga kikilia, avute pumzi, kisha aitoe taratibu; weka kidole kwenye mshipa wa mkono na utasikia mapigo yakipungua kidogo unapotoa pumzi. Macho na akili viende kwenye kona ile, mguu auachie mwili.

Na kuna hili, ambalo mimi linanifurahisha kuliko yote. Mwanasaikolojia wa michezo Jürgen Beckmann na wenzake wa Ujerumani waliwajaribu wanamichezo wanaotumia mkono wa kulia, wakiwemo wapiga penalti, mbele ya watazamaji. Waliominya mpira laini kwa mkono wa kushoto kabla ya zamu yao walistahimili presha vizuri kuliko waliotumia wa kulia. Watafiti hao wanahisi mkono huo huuamsha upande wa kulia wa ubongo na kuutuliza ule wa kushoto, unaopenda kuisimamia kila hatua. Maelezo hayo bado yanahitaji ushahidi zaidi, lakini kukunja ngumi ya kushoto hakugharimu kitu, na hakuna mwamuzi anayekukataza.