Kitendawili bila jawabu: dhana potofu kuhusu trela za filamu za wanafunzi

Kila muhula nakaa na wanafunzi wachache hapa Lamu wakikata trela za filamu zao fupi, yaani vipande vya kuwavutia watu waje kuzitazama. Mfano wangu leo ni filamu moja ya dakika 12 ya baadhi ya vijana hao: mzee anataka kuuza jahazi lake, mjukuu hataki.

"Trela ni filamu iliyofupishwa"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Trela ya kwanza ya vijana wale ilikuwa ya dakika tatu. Mzee anagoma, mjukuu analia, mnunuzi anafika kutoka Mombasa, jahazi linauzwa, watu wanakumbatiana. Bibi wa mmoja wao akaitazama kwenye simu, akasema, "Mashallah, wanangu. Sasa huko ukumbini twendeni kufanyani?"

Trela ni kitendawili. Mtegaji hutega, na wenzake wakishindwa huwaambia wampe mji kwanza, ndipo atoe jawabu. Mji wa mtengeneza filamu ni ile jioni ambayo mtu ataacha shughuli zake aje kutazama. Ukimpa jawabu bure, mji huupati. Kwa filamu ya dakika 12, mimi huwaambia sekunde 40 hadi 60 zinatosha, na mwisho wa hadithi usiguswe.

Wala si lazima picha zifuate mpangilio wa filamu. Vijana wale walianza upya na picha tatu: uso wa mzee, jahazi limelala ubavu mchangani maji yamekupwa, na mkono unaohesabu noti. Katika filamu picha hizo ziko mbalimbali, na mzee mwenyewe alikuwa akingoja chai tu! Lakini zilipokaa pamoja, kila aliyetazama aliona majonzi usoni mwake. Mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, alishalijaribu jambo hili karne iliyopita: uso uleule, ukifuatana na bakuli la supu, watu husoma njaa, ukifuatana na jeneza, husoma huzuni. Mpaka upo, hata hivyo. Usiahidi mapigano ikiwa filamu yako haina hata kofi moja.

"Bila programu ya bei ghali hutoki"

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure linalotoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160. Kompyuta ikiwa dhaifu, jaribu Shotcut au Kdenlive, za bure pia, au tengeneza nakala nyepesi za klipu (vipande vya video mlivyorekodi), uhariri kwa hizo, kisha utoe faili la mwisho kutoka klipu halisi. Tuendelee.

"Muziki utaficha upepo"

Hapa ndipo trela nyingi za kwetu huzama. Mnarekodi forodhani wakati wa kusi, maikrofoni haina hata kitambaa, halafu mnategemea ngoma ifunike. Muziki ukishushwa ili mzee asikike, upepo nao unajitokeza. Mngurumo wa upepo huishi zaidi katika sauti nzito, kwa hiyo kuchuja kila kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 au 100 husaidia bila kuumiza maneno. Lakini ikiwa maikrofoni ilizidiwa hadi sauti ikapasuka, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Dawa ni rahisi kuliko wanavyodhani. Mketishe mzee chumbani penye magodoro na mapazia, arudie sentensi yake moja, kisha iweke juu ya picha ya jahazi. Mdomo hauonekani, basi hakuna cha kulinganisha. Na mkiwa kwenye vichochoro, rekodini kwato za punda na ukimya wa mahali penyewe nusu dakika. Mtashukuru mkikaa mezani kuhariri.

"Nimeweka mradi kwenye flashi, nimemaliza"

Kijana mmoja alivuka hadi Mokowe, upande wa bara, na flashi mfukoni, akaifungua kwenye kompyuta ya binamu yake, picha zote zikawa nyekundu. Faili la mradi halibebi video. Linabeba maelezo tu: klipu hii iko folda ile, ikatwe hapa. Klipu zenyewe zilibaki Lamu. Hamisha folda nzima, na uwe na nakala ya pili kwenye diski nyingine.

Hapohapo kuna mtego wa simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopanda na kushuka, na ndani ya programu midomo huanza kuachana na maneno. HandBrake, nayo ya bure, hugeuza klipu ziwe za kasi moja. Sisi hutumia fremu 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa za ndani hazileti mistari ovyo kwenye picha.

"Sekunde saba za wimbo wa mtu hazina shida"

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina hesabu hiyo ya sekunde saba, wala thelathini. Utunzi una mwenyewe, na rekodi ina mwenyewe. Wimbo ukiwa wa kale kiasi cha kuwa huru, hakimiliki ya utunzi imekwisha, rekodi ya kikundi kilichouimba majuzi bado ni yao. Nawaona vijana wakihangaika usiku kutafuta taarabu ya kupakua, na mpiga matari anaishi mtaa wa pili. Kumwomba awapigie dakika moja na kuandikiana karatasi ya ruhusa ni shughuli ya alasiri moja.