Chai ikimwagikia laptopu, usiiwashe kuangalia

Mwalimu mmoja alituletea sisi mafundi laptopu yake ikiwa kwenye beseni la mchele, imefunikwa hadi juu. Chai ya maziwa ilikuwa imemwagikia kibodi siku nne kabla. "Nimeshaikausha," akasema, "ila haiwaki." Tulipofungua skrubu za chini, punje mbili za mchele zikadondoka kutoka kwenye feni. Kwenye bodi kuu, jirani na tundu la chaja, kulikuwa kumeota unga wa kijani, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba kizima.

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: umejaribu kuiwasha mara ngapi? Akahesabu kwa vidole. Mara tano.

Hapo ndipo laptopu nyingi hufia. Maji matupu hayaiui bodi papo hapo. Viko viwanda vinavyoziosha bodi kwa maji yaliyoondolewa madini kabla ya kuzifunga ndani ya mashine. Kinachoua ni unyevu wenye chumvi kukutana na umeme. Umeme ukipenya kwenye unyevu huo, kati ya njia mbili zilizopishana kwa upana wa unywele, shaba huanza kulika na kugeuka ule unga wa kijani, au shoti inapiga na kipande kinaungua palepale. Na usidhani laptopu iliyozimwa haina umeme. Betri ikiwa mahali pake, sehemu ya bodi inabaki na volti 3.3 na 5 ikisubiri ubonyeze kitufe.

Kwa hiyo dakika ya kwanza ina kazi moja tu: kukata umeme. Kama chaja imechomekwa, zima swichi ya ukutani kwanza, hasa ikiwa meza au sakafu imelowa, ndipo uchomoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi hivi mpaka mashine izime. Usianze kufunga faili moja moja kwa ustaarabu. Windows ikiamua kusasisha programu wakati huo, umekwisha. Laptopu za zamani zina betri ya kuchomoka kwa vibanio viwili vya chini, itoe. Za siku hizi betri imefichwa ndani. Kama hujawahi kushika bisibisi, leo si siku ya kujifunza, lakini ni siku ya kwenda kwa fundi. Leo, si kesho. Na ukiona betri imevimba au mashine inapata joto lisilo la kawaida, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, usiiguseguse.

Wakati unatafuta usafiri, ifunue na uipindue kibodi ikitazama chini, kama hema, juu ya taulo. Usiitikise. Draya ya nywele iache bafuni: upepo wake unasukuma maji ndani zaidi, na joto linapinda vitufe.

Sasa mchele. Najua kila ukoo una shangazi ambaye simu yake ilipona kwenye mchele. Ilipona kwa sababu ilikaa imezimwa siku tatu, si kwa sababu ya mchele. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya bodi, na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Mwaka 2024 Apple waliwaonya wenye iPhone waache mtindo huo. Tena hata ungekausha maji yote, chai inaacha sukari, mafuta ya maziwa na chumvi zake palepale. Pwani yetu hii yenye hewa nzito, mabaki hayo yanavuta unyevu upya kila jioni, na kutu inaendelea.

Ndiyo maana dawa ni kuosha, si kukausha. Fundi anayeijua kazi atatoa betri, atang'oa bodi, ataisugua kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 karibu theluthi yake ni maji. Ukimkuta anayetaka kuianika juani tu, chukua mzigo wako uondoke.

Na mwambie ukweli kilichomwagika. Watu wanaona haya, wanasema "imejizima yenyewe". Laptopu nyingine zina vibandiko vidogo vyeupe ndani vinavyogeuka vyekundu vikilowa, kwa hiyo tutajua tu. Ukificha, tunachopoteza ni muda. Maji ya kunywa yana nafuu. Soda ina asidi. Maji ya bahari na mkojo wa mtoto (ndiyo, tumeshaupokea) vina chumvi nyingi na haviwezi kusubiri hata usiku mmoja.

Kama roho yako iko kwenye mafaili kuliko mashine, sema hivyo mapema. Kwenye laptopu nyingi diski inachomoka na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, ilimradi, kama usimbaji (kufuli la siri la mafaili) ulikuwa umewashwa, unao ufunguo wake. Zipo ambazo diski imechomelewa kwenye bodi. Hizo, bodi ikifa na mafaili yanaenda nayo.

Ya mwalimu ilikuwa ya diski ya kuchomoka. Bodi hatukuiokoa. Mitihani ya kidato cha nne aliyokuwa ameitunga aliondoka nayo kwenye flashi, na mchele wake tukamrudishia.