Ziwa Tanganyika halikauki, muulizeni Lukuga

Juzi tena nimepeleka wageni Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, hatujamaliza hata kusalimiana na kivuli cha mwembe, mmoja keshaanza, "kaka, si wanasema zamani maji yalikuwa karibu na hapa, mbona sasa yako kule chini, si ndo linakauka hivyo?" Kila nikileta watu lazima atokee mmoja wa kuniambia hivi, nimechoka nayo.

Halikauki. Mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo kule Kalemie, Kongo. Enzi zile ulikuwa umeziba kwa tope na mafunjo, mito inamwaga maji ndani na pa kutokea hakuna, kwa hiyo wale wapelelezi wa kizungu Livingstone na Stanley wanakutana hapa 1871 ziwa lilikuwa juu na bado linapanda. 1876 Stanley kaenda mwenyewe Lukuga kakuta bado pameziba, miaka michache mbele maji yakazidi nguvu yakabomoa lile tope, ziwa likashuka kama mita 10 hivi. Mita kumi jamani, mtoto aliyezaliwa Ujiji miaka ile kaona ziwa linapanda na kaliona linarudi nyuma kabla hajazeeka! 1964 likapanda tena, na 2024 likaingia majumbani mwa watu, waulizeni wa Bujumbura. Ndo maana mtu akiniuliza kiwanja cha ufukweni namwambia panda mlimani, hiyo ardhi kavu unayoiona ziwa linaidai.

Eti wenyeji hawakulijua ziwa lao mpaka wazungu walipokuja kupima. Sio kweli kabisa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke 1858 walienda kwa mitumbwi mpaka Uvira, kaskazini mwa ziwa, kuulizia mto Rusizi kama unaingia au unatoka, watoto wa chifu wakawaambia unaingia ziwani, hautoki. Watu wakabishana miaka 13, Livingstone na Stanley wakaenda tena kuangalia, wakaukuta unaingia.

Na hii ya "zamani maji yalikuwa bure", wasafiri wa zamani wangewacheka. Msafara ukitoka Tabora haukuvuka Malagarasi bila hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa mtemi wa Uvinza, na kabla hujafika Tabora kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu isiyo na maji, huko watu walitirikeza, wanatoka mchana wanalala bila maji ili kesho yake wayawahi.

Taa za kuvulia dagaa usiku nazo wanasema zimeletwa na wageni. Karabai, zile taa za mafuta za kupampu, sawa, hizo zimeenea miaka ya 1950, ila kabla yake ilikuwa moto wa kuni kwenye mtumbwi, dagaa wanaufuata mwanga, mtu anawachota na lusenga, wavu wenye mpini. Mbalamwezi ikiwaka hawatoki, mwanga umetapakaa ziwa zima dagaa hawakusanyiki, na mpaka leo kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ni hivyohivyo.