Makaa chini ya majivu: tunavyoyatafuta mashimo meusi yaliyojificha

Jioni hapa Mbarara ukipita kwa wachoma muchomo, yaani nyama choma, tafuta sigiri iliyoachwa muda kidogo. Juu ni majivu tu, utasema moto umekufa. Sasa sogeza kiganja uone utakavyokirudisha mbio! Kazi yangu ndiyo hiyo kila siku, ila kiganja changu ni infraredi, mwanga wa joto ambao macho hayauoni, na sigiri iko mbali mno.

Chukua galaksi ya NGC 1068, iko kama miaka ya nuru milioni 47 kutoka kwetu. Katikati kuna shimo jeusi linavuta gesi, na hiyo gesi kabla haijazama inazunguka inasuguana inapata joto la kutisha, lakini kwa mwanga wa kawaida hicho kiini hukioni moja kwa moja maana vumbi zito limekaa mbele yetu. Mwaka 1985 wanaastronomia Antonucci na Miller walipima mwanga uliopolaraizwa, yaani ule uliogonga gesi ya pembeni ukarukia upande wetu, wakakuta kumbe kiini kipo, kimezibwa tu.

Na hilo vumbi ndilo linalokitoa siri. Linameza mwanga wa kiini, linapata moto, halafu linautoa tena kama infraredi. Chembe za karibu kabisa zinafika kama kelvini 1500, zikizidi hapo zinageuka mvuke. Ndiyo maana setilaiti ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009, imetusaidia sana: galaksi ya nyota tupu inafifia ukitoka urefu wa wimbi wa maikromita 3.4 kwenda 4.6, yenye vumbi la moto hivyo inapanda.

Ila mtu akiniambia galaksi fulani inawaka sana kwa infraredi basi ina shimo jeusi linalokula, namwambia ngoja kwanza. Nyota changa nazo zinapasha vumbi! Hapo lazima upasue mwanga, uangalie spektra. Ukiona vilima vipana kwenye maikromita 7.7 na 11.3, hizo ni molekuli za kaboni, ukoo mmoja na zile za moshi wa muchomo, na mara nyingi zinakuambia nyota zinazaliwa humo. Ukiona mstari mwembamba kwenye 14.3 ni neoni iliyong'olewa elektroni nne, na kuifikisha hapo kunataka fotoni ya elektronivolti 97, nguvu ambayo nyota za kawaida hazina. Galaksi moja inaweza kuwa na vyote viwili, na kujua kila kimoja kimechangia kiasi gani ndiyo kazi yenyewe.

Juzi mwanafunzi wangu alikuwa na spektra ya zamani ya darubini ya Spitzer, data za bure kabisa, tulizishusha usiku mtandao ukiwa mwepesi. Akaona kijimlima kidogo pale 14.3, baada ya kurekebisha mwendo wa galaksi, maana huo husogeza mistari. Akaniuliza, "Mwalimu, hii si kelele tu ya kipimo?" Nikamwambia pima tena. Kapima mara tatu, kikabaki palepale.